Mchoro Haukatiki Ipasavyo kwa Leza: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Michoro mingi inayofika kwenye karakana za leza ilichorwa ili isomwe na mtu, na hapo ndipo shida huanzia. Mtu akiona mstari wenye mishale pande zote mbili anajua kwamba hicho ni kipimo wala si sehemu ya kukatwa. Akiona duara mbili zenye kitovu kimoja anaelewa kwamba ni tundu la hesi, yaani lenye mizunguko ya kushika skrubu ndani. Akiona kona ambayo mistari yake haikugusana sawasawa, huikamilisha kichwani bila hata kutambua kwamba ameikamilisha. Mashine haina msaada huo. Hufuata kila mstari uliomo kwenye faili kwa kipimo kilichomo kwenye faili, na palipo na pengo huacha pengo. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya lawama anazotupiwa mwendesha mashine, au muuzaji wa shiti, hustahili kurudishwa kwenye mchoro.

Maelezo yafuatayo yamepangwa kufuata dalili zinazoonekana kwenye kipande kilichokatwa au kwenye programu ya mashine. Yanahusu leza za CO2 zinazokata plaiwudi, MDF na akriliki, pamoja na leza za faiba zinazokata shiti za chuma, kwa kuwa makosa ya mchoro katika aina hizo mbili hufanana zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Kutenganisha kosa la mchoro na kosa la mashine

Kabla ya kugusa mchoro, chora mraba wa milimita 100 wenye duara la kipenyo cha milimita 20 katikati, ukitumia programu ileile inayoendesha mashine na si faili lililotoka nje, kisha uukate kwenye mabaki ya shiti unayokusudia kuitumia. Pima pande zake zote, halafu pima kutoka kona hadi kona kwa njia zote mbili. Umbali huo unapaswa kuwa milimita 141.4, pungufu kidogo tu kwa sababu ya upana wa mkato. Mraba ukitoka sawa na duara likatoka duara kweli, mikanda, reli na lenzi vimejitoa kwenye kesi, na kosa litafutwe ndani ya faili. Mraba ukitoka umelala upande au duara likatoka kama yai, acha mchoro ulivyo na umwite fundi wa mashine.

Kipande kimetoka kikubwa mno au kidogo mno

Usikimbilie kukivuta kwenye skrini mpaka kifanane na kipimo unachokitaka. Gawanya kwanza kipimo kilichotoka kwa kipimo ulichokusudia, kwa sababu jibu la mgawanyo huo hutaja chanzo moja kwa moja.

Jibu likiwa 25.4, au kinyume chake ambacho ni takribani 0.039, inchi na milimita zimebadilishana. Hili hutokea sana kwa mafaili ya DXF, muundo wa mafaili ya michoro ulioanzishwa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982 pamoja na AutoCAD, programu yake ya kuchorea, kwa kuwa ndani yake namba huandikwa bila kizio: mstari una urefu wa 200, basi, na ni juu ya programu inayosoma kuamua kama hizo ni milimita au inchi. Matoleo yaliyofuata ya muundo huo yana mahali pa kutaja kizio, lakini toleo la R12, ambalo hadi leo hutumika sana kwa sababu linasomwa na karibu kila mashine, halina. Kwa bahati nzuri DXF ya kawaida ni faili la maandishi. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia, tafuta neno $INSUNITS, na utazame namba ya pili iliyo chini yake: mstari wa kwanza utakuwa 70, ambao ni msimbo tu, na unaofuata utakuwa 1 kama mchoro ni wa inchi, au 4 kama ni wa milimita. Ukikuta 0, au usipolikuta neno hilo kabisa, mchoraji hakusema kizio, na programu ya mashine imekisia.

Jibu likiwa 1.333, kwa mfano kipande cha milimita 150 kikatoka 200, faili ni la SVG, muundo mwingine wa michoro ya mistari, na programu mbili zimetofautiana juu ya idadi ya pikseli katika inchi moja: moja imehesabu 96, nyingine 72. Adobe Illustrator hutumia 72. Inkscape ilikuwa ikitumia 90 hadi toleo la 0.91, na kuanzia toleo la 0.92 la mwaka 2017 ikahamia 96. Ndiyo maana mchoro wa zamani wa Inkscape ukisomwa na programu mpya hutoka 0.9375 ya ukubwa wake, na kipande cha milimita 150 huwa takribani 140.6. Kosa hili la mwisho ndilo baya zaidi kati ya yote, kwa sababu ni dogo kiasi cha kutotambulika kwa macho na kubwa kiasi cha kuharibu kazi nzima.

Jibu likiwa namba nzuri kama 0.5, 0.2 au 2, kosa si la vizio bali ni la skeli. Mchoraji alitengeneza kipande kwa vipimo vitatu, akakiweka kwenye karatasi ya mchoro kwa skeli ya 1:2 ili kienee, halafu akahifadhi karatasi hiyo kuwa DXF. Karatasi ya mchoro ni ya kusomwa. Faili la kukatia litolewe kwenye uso wa kipande chenyewe, au kwenye umbo lake lililokunjuliwa, kwa skeli ya 1:1. Na ikiwa kipande kimepungua upande mmoja tu huku upande mwingine uko sawa, uso huo ulihifadhiwa ukiwa umeinama badala ya kutazamwa wima kutoka juu.

Kinga ya jumla ni ndogo: andika kwenye ujumbe unaoambatana na faili, "upana wa kipande hiki ni milimita 200." Mwendesha mashine atalipima kwenye skrini kwa sekunde chache kabla ya kukata shiti ya futi 4 kwa 8.

Ukingo umeungua, au mashine inarudia mahali ilipokwisha kukata

Hapa kuna mistari miwili, pengine mitatu, iliyolaliana mahali pamoja. Macho hayaioni kwa sababu inafichana. Kwenye plaiwudi matokeo yake ni ukingo uliogeuka mkaa. Kwenye akriliki ni ukingo ulioyeyuka na kupoteza mng'ao. Kwenye chuma hali ni ya hatari zaidi, kwani kipande kilichokwisha kukatika kinaweza kuinuka upande mmoja na kichwa cha mashine, kikirudi kwa mara ya pili, kikakigonga.

Mistari hiyo huzaliwa kwa njia nyingi. Kipande kilinakiliwa na nakala ikabaki juu ya asili. Vipande viwili viliwekwa ubavu kwa ubavu na kila kimoja kikaja na mstari wake. Umbo la vipimo vitatu lilihifadhiwa likiwa na kingo za juu na za chini kwa pamoja. Wachoraji wa matangazo wana njia yao wenyewe: huchukua mstari mnene na kuugeuza kuwa umbo, nao huwa mistari miwili inayoenda sambamba kwa umbali sawa na unene wa kalamu.

Njia ya kuaminika ya kuugundua ugonjwa huu ni kuhesabu urefu wa mkato kwa mkono na kuulinganisha na ule unaotajwa na programu. Chukua bamba la kushikilia mota, mstatili wa milimita 200 kwa 120 wenye matundu manne ya milimita 9. Mzingo wa nje ni milimita 640. Kila tundu lina mzingo wa milimita 28.3, kwa hiyo manne ni 113. Jumla ni milimita 753. Programu ikisema 1,506, kila kitu kimo mara mbili. Ikisema 1,393, mstatili wa nje peke yake ndio uliorudiwa. Ikisema 866, ni matundu. Hesabu ya dakika mbili hukuonyesha hata mahali pa kutazama.

Kuisafisha, AutoCAD ina amri ya OVERKILL, nayo LightBurn, programu ya kuendeshea leza, ina amri ya kufuta maumbo yaliyojirudia. Hata hivyo amri ya aina ya pili hufuta nakala zilizo sawa kabisa tu. Mistari inayolaliana kwa sehemu, kama mstari wa milimita 80 uliokaa juu ya mstari wa milimita 120, mara nyingi hupita salama, na hiyo itafutwe kwa kuchagua kila kingo na kuisogeza kando uone kama imeacha kivuli chake nyuma.

Programu inasema mzingo haujafungwa, au kipande hakidondoki

Mzingo ni njia inayoanza mahali na kurudi palepale. Mwanya wa milimita 0.02 kati ya ncha mbili hauonekani kwenye skrini mpaka uikuze sana, lakini kwa programu, hiyo si kona tena: ni mstari ulioishia njiani. Programu za leza za faiba hushindwa hapo kujua upi ni upande wa ndani na upi wa nje, zikakataa faili au, vibaya zaidi, zikasogeza mkato upande usio wake. Katika mashine ndogo zinazochora kwa kujaza ndani ya umbo, umbo lililo wazi huachwa tupu au ujazo humwagika hadi kwenye umbo la jirani.

Amri za kuunganisha ncha zipo karibu kila programu, nazo huomba uvumilivu, yaani umbali wa juu kabisa ambao ncha mbili zitahesabiwa kuwa zimegusana. Anza na milimita 0.05. Ukishindwa, panda hadi 0.1. Sishauri kuvuka hapo kwa pupa, kwa sababu uvumilivu wa milimita 1 kwenye mchoro wenye mapambo madogo utaunganisha visivyohusiana na kukuachia kazi mpya ya kufumua. Pengo likiwa kubwa kuliko hapo, ni kosa la mchoraji na lirekebishwe kwa kuchora.

Kuna hali moja inayowachanganya hata wazoefu: ncha mbili zimekaa mahali pamoja kabisa, umekuza skrini mpaka mwisho, na bado programu inasema hazijagusana. Tazama kimo chao. Mchoro uliotoka kwenye umbo la vipimo vitatu unaweza kuwa na ncha moja kwenye kimo cha sifuri na nyingine kwenye kimo cha milimita 3, na ukiutazama kutoka juu huoni tofauti yoyote. Ulaze mchoro wote kwenye kimo kimoja, kisha uunganishe tena.

Ulimi hauingii kwenye tundu lake, au unacheza

Mwale wa leza una unene wake, na unapopita huteketeza ukanda mwembamba wa shiti. Upana wa mkato huo kwa kawaida ni kati ya milimita 0.1 na 0.3, kutegemea lenzi, unene wa shiti, nguvu na kasi. Mwale ukifuata katikati ya mstari, nusu ya ukanda huliwa upande wa ndani na nusu upande wa nje, kwa hiyo kila umbo la nje hupungua na kila tundu huongezeka. Kwa upana wa mkato wa milimita 0.2, ulimi, yaani sehemu inayochomoza ili iingie kwenye tundu la kipande kingine, uliochorwa milimita 30 hutoka 29.8, na tundu lake lililochorwa 30 hutoka 30.2. Ulegevu wa milimita 0.4 umezaliwa bila mtu yeyote kukosea hesabu.

Usichukue kipimo cha mtu mwingine. Chora mstatili wenye upana wa milimita 100, ugawe kwa mistari tisa ya ndani upate vijiti kumi, ukate, uvisogeze vibanane, kisha upime upana wa jumla kwa venia. Mistari tisa ya ndani imekula upana kamili, na kingo mbili za nje zimekula nusu nusu, jumla mikato kumi. Ukipata milimita 98.2, basi zimepotea 1.8, na upana wa mkato ni milimita 0.18. Rudia kipimo hiki kwa kila aina ya shiti na kila unene, na uandike ukutani karibu na mashine.

Swali gumu zaidi ni nani anayefidia. Programu za leza za chuma husogeza mkato zenyewe: nje ya umbo la nje, ndani ya tundu, kwa nusu ya upana wa mkato. Mchoraji mwangalifu, aliyesoma mahali fulani kwamba leza hula shiti, naye huongeza 0.1 kila upande kabla ya kutuma faili. Fidia mbili zikikutana, kipande huwa kikubwa na tundu huwa dogo, na ulimi uliopaswa kuingia kwa kidole hudai nyundo. Rai yangu ni kwamba faili lichorwe kwa vipimo halisi vinavyotakiwa, bila fidia yoyote, na hilo liandikwe wazi kwenye ujumbe. Fidia iachwe kwa mtu mwenye mashine, kwa kuwa ndiye anayejua lenzi yake. Anayejikatia mwenyewe kwa leza ndogo anaweza kufanya atakavyo, mradi afanye mahali pamoja tu.

Baada ya mkato, mshukiwa wa pili ni unene wa shiti yenyewe. Tundu linalopokea shiti nyingine kwa ubavu lina upana unaotegemea unene, na unene unaotajwa dukani si unene uliopo. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 inaweza kupimwa ikawa 2.7, na shiti moja ikatofautiana katikati na pembeni. Kwenye chuma, geji, yaani namba ya kutajia unene, huongeza mkanganyiko wake: geji 16 kwa jedwali la Kimarekani la shiti za chuma ni milimita 1.52, na kwa jedwali la Kiingereza la SWG ni 1.63. Pima shiti iliyoletwa, si iliyoagizwa, na kabla ya kukata kazi yote kata kitana cha majaribio chenye mianya inayopanda kwa milimita 0.1, kuanzia chini kidogo ya unene uliopima hadi juu kidogo yake, uchague mwanya unaoshika.

Bolti zina kosa lao dogo lakini la kila siku. Tundu la kupitisha bolti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, likichorwa milimita 8 kamili, bolti haitapita kwa raha, na matundu yakiwa manne haitapita kabisa kwa sababu ya tofauti ndogo za nafasi. Kiwango cha ISO 273 kwa kupitisha kwa wastani ni milimita 6.6 kwa M6, 9 kwa M8 na 11 kwa M10.

Mashine imekata vitu ambavyo hukutaka vikatwe

Vipimo, mistari ya katikati, fremu ya karatasi na jina la mchoraji huonekana mapema na hufutwa kirahisi. Yanayoponyoka ni yale yenye sura ya kipande.

La kwanza ni tundu la hesi. Kwenye mchoro wa kusomwa, tundu la M8 huonyeshwa kwa duara la ndani na tao la nje lenye robo tatu ya mzunguko. Faili likienda hivyo, mashine hukata tundu la ndani, kisha hukata tao la nje la milimita 8, na hapo hakuna tena chuma cha kupigia tapu, chombo cha kuchongea hesi. Bakiza duara moja tu, la kipenyo cha keekee ya kutangulia tapu: milimita 4.2 kwa M5, 5 kwa M6, 6.8 kwa M8 na 8.5 kwa M10. Tundu lenye mdomo uliopanuliwa ili kuficha kichwa cha skrubu lina duara mbili vilevile. Bakiza la ndani, mdomo utapanuliwa baadaye kwa keekee.

La pili ni mstari wa kukunjia. Ukikaa kwenye tabaka (layer) moja na mistari ya kukata, kipande hukatwa vipande viwili pale kilipopaswa kukunjwa. Weka kila kazi kwenye tabaka lake na rangi yake: kukata, kuchora juujuu, na maelezo yasiyoguswa. Hakuna rangi inayokubaliwa na karakana zote, kwa hiyo uliza kwanza, au taja uliyoitumia.

Herufi zimebadilika, zimetoweka, au zimedondoka katikati

Herufi zikibadilika sura, kompyuta ya karakana haina fonti uliyotumia na imeweka nyingine. Zikitoweka kabisa, programu ya mashine haisomi maandishi ndani ya faili. Dawa ni moja: geuza maandishi kuwa mistari ya umbo kabla ya kuhifadhi, na ubaki na nakala yenye maandishi ya kawaida kwa ajili ya marekebisho ya baadaye.

Kudondoka katikati ni suala la umbo. Bango la chuma lililotobolewa maneno DUKA LA DAWA lina herufi kumi, na sita kati yake, D mbili na A nne, zina kisiwa katikati ambacho hakijashikwa na kitu. Mashine ikimaliza, visiwa sita viko sakafuni na A imebaki pembetatu kubwa yenye miguu. Kila kisiwa kinahitaji daraja, yaani ukanda usiokatwa unaokishika, ikiwezekana mawili, lenye upana usiopungua unene wa shiti. Kwa mageti na mabango makubwa yatakayosafirishwa na kupakwa rangi mimi huongeza hadi mara mbili ya unene au zaidi, kwani daraja jembamba hupinda kipande kinapoinuliwa. Kwa maandishi ya Kiarabu hali hugeuka kutegemea namna ya kukata: yakitobolewa kwenye shiti, nukta ni matundu madogo yasiyo na tatizo, lakini neno lenyewe likikatwa ili lisimame peke yake ukutani, kila nukta ni kipande kilicho huru na lazima iunganishwe na herufi yake au ichomelewe baadaye kwenye kibao cha nyuma.

Kingo za mviringo zina pembe, au mashine inasitasita

Duara limegeuzwa kuwa mistari mifupi iliyonyooka. Duara la kipenyo cha milimita 100 likigawanywa katika pande 36, kila upande huingia ndani ya duara halisi kwa takribani milimita 0.19, na pembe hizo huonekana na kusikika kwa kidole. Hifadhi upya ukiweka uvumilivu mdogo zaidi, au bora zaidi uyabadilishe kuwa duara na matao ya kweli.

Kusitasita ni ugonjwa wa upande wa pili: nukta ni nyingi mno. Mara nyingi mchoro ulitolewa kwenye picha ya nembo kwa amri ya kufuatisha kingo, nao umejaa maelfu ya nukta zinazofuata hata vumbi la picha. Kichwa cha mashine hupunguza kasi kwenye kila kona ndogo, na pale kinapopunguza kasi ndipo kinapounguza. Amri za kurahisisha njia husaidia kiasi, lakini nembo yenye duara na mistari minyoofu huchorwa upya kwa muda mfupi kuliko inavyosafishwa. Toleo la R12 la DXF, nililolitaja hapo juu, halijui splaini wala duaradufu, kwa hiyo mchoro uliojaa mikunjo huru ukihifadhiwa humo hukatwakatwa bila kuulizwa.

Matundu madogo yameyeyuka au hayakutoboka

Kwa chuma cha kawaida, kanuni salama ni tundu lisiwe na kipenyo kidogo kuliko unene wa shiti. Leza za faiba hushuka chini ya hapo kwenye shiti nyembamba, lakini muulize mwenye mashine kabla ya kutegemea hilo. Tundu dogo zaidi ya kiwango hicho chora msalaba mfupi au nukta ya kuchorwa juujuu, kisha litobolewe kwa keekee. Kanuni hiyohiyo itumike kwa ukuta unaobaki kati ya tundu na ukingo, kwani ukuta mwembamba hushika moto wa pande zote mbili.

Kipande kilichokunjwa hakifiki kipimo

Kujumlisha vipimo vya nje ni kosa, kwa sababu chuma kwenye kona hupita njia ya mkato. Chukua kishikio chenye umbo la L, pande zake za nje milimita 50 na 30, shiti ya milimita 2, kona ya ndani yenye nusu kipenyo cha milimita 2. Kila upande hupoteza milimita 4 za kona, yaani unene na nusu kipenyo, zikabaki 46 na 26. Kona yenyewe, kwa nyuzi 90, huchukua 1.571 (nusu ya pai) mara jumla ya nusu kipenyo na sehemu fulani ya unene. Sehemu hiyo kwa kawaida ni kati ya 0.33 na 0.5 ya unene, na tukichukua 0.42 tunapata milimita 4.46. Urefu wa shiti bapa ni 76.46. Aliyejumlisha 50 na 30 amekata milimita 80, na upande mmoja utazidi kwa zaidi ya milimita 3. Sehemu ile ya unene hutegemea mashine ya kukunjia na visu vyake, kwa hiyo iulizwe huko kunakokunjwa, hata kama kunakatwa kwingine.

Matundu yaliyo karibu na mstari wa kukunjia huvutwa yakawa mayai. Yaache umbali usiopungua mara mbili ya unene kutoka mwanzo wa mkunjo, na mara tatu kama nafasi ipo.

Kipande kimetoka kushoto badala ya kulia

Uso ulihifadhiwa ukitazamwa kutoka nyuma. Kwa shiti zenye pande mbili sawa, kipande hugeuzwa tu na kazi ikaendelea. Kwa stenlesi iliyosuguliwa upande mmoja, shiti yenye vinundu, au akriliki inayochorwa nyuma ili isomwe mbele, kipande hicho ni hasara. Taja upande upi ubaki juu, na uuandike kwenye karatasi ya PDF inayoambatana na faili. Ukiuandika ndani ya faili la kukatia, mashine itaukata nao.